Barua kutoka Ughaibuni: Kadeti wa Sekondari Si Askari

Kadeti wa sekondari nchini Marekani ni mwanafunzi anayesoma somo liitwalo JROTC, yaani mafunzo ya vijana yanayosimamiwa na majeshi ya nchi hiyo ndani ya shule za kawaida. Somo hilo limo kwenye ratiba kama hisabati na jiografia. Lina vitabu, lina mitihani, na alama zake huingia kwenye ripoti. Anayelisoma hajaandikwa jeshi, halipwi mshahara, na akimaliza shule halazimiki kwenda popote. Inafaa hili litangulie, kwa sababu picha moja tu ya mtoto wa Kinondo, pwani ya Kenya, aliye ng'ambo, amevaa sare yenye vifungo vinavyong'aa, ikifika kwenye simu ya shangazi huko Mwabungo asubuhi, kufikia magharibi habari imeshapita Ukunda na kufika Msambweni kwamba mtoto amechukuliwa vitani. Bibi analia, na wajomba wanauliza mshahara ni dola ngapi. Vita havipo, na dola hazipo.

Mafunzo haya yana umri wa zaidi ya miaka 100. Yaliwekwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa iliyotiwa saini na Rais Woodrow Wilson mwezi Juni 1916, Ulaya ikiwa katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miaka mingi yalikuwa ya jeshi la nchi kavu, mpaka sheria ya 1964 ilipoyafungulia matawi mengine ya majeshi. Upanuzi mkubwa ulikuja mwaka 1992, baada ya ghasia za Los Angeles, pale Jenerali Colin Powell, aliyekuwa mkuu wa wakuu wa majeshi, aliposukuma mafunzo yafike kwenye shule za mitaa maskini mijini. Leo yako katika shule zaidi ya 3,000, na wanafunzi wanaoyasoma wanakaribia nusu milioni.

Kenya nayo ina historia yake. Mwaka huohuo wa 1964 ilianzisha NYS, yaani Huduma ya Vijana kwa Taifa, ikiongozwa na Geoffrey Griffin, mmoja wa waanzilishi wa shule ya Starehe, na kati ya 1984 na 1990 waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu vya umma walitangulia kupitia mafunzo hayo. Lakini NYS humpokea kijana akiwa ameshamaliza shule, tabia zake zimeshakomaa. JROTC humpokea akiwa na miaka 14, na hukaa naye hadi miaka 4.

Sheria ya Marekani inadai kikosi cha shule kiwe na kadeti wasiopungua 100, au asilimia 10 ya wanafunzi ikiwa hesabu hiyo ni ndogo zaidi. Wakufunzi kwa kawaida ni wanajeshi wastaafu, na mshahara wao hulipwa kwa pamoja na jeshi na wilaya ya shule. Sare hutolewa bure, huvaliwa kwa kawaida siku moja kwa wiki, na hurudishwa stoo mwaka ukiisha. Mwaka wa kwanza mtoto hufundishwa kusimama, kupiga saluti, kutunza sare, huduma ya kwanza, kusoma ramani, na namna serikali na katiba zinavyofanya kazi. Gwaride ambalo watu wa nyumbani huliona kwenye picha ni sehemu ndogo ya masomo.

Sehemu kubwa ni kukabidhiwa kazi. Kikosi kizima huendeshwa na wanafunzi wenyewe, kwa vyeo vinavyopanda kutoka kuruta na koplo hadi luteni kanali, ambaye huwa mtoto wa miaka 17. Chini yake wapo wasaidizi: mmoja wa kumbukumbu za watu, mmoja wa mipango na mazoezi, mmoja wa vifaa, mmoja wa habari na mahusiano. Msichana wa mwaka wa tatu anayeshika vifaa ana ufunguo wa stoo na daftari la mashati, mikanda na viatu vya wenzake wote. Mkanda ukipotea, anayeulizwa kwanza ni yeye, na anatakiwa aeleze ulitolewa lini, kwa nani, na atafanya nini ili upatikane. Mkufunzi yuko karibu, lakini hamnyang'anyi kazi ili aifanye haraka zaidi. Shughuli ikiharibika, iwe ni kupokea wageni au kusafisha ufuo, kadeti huketi pamoja na kujibu maswali yaleyale kila mara: tulipanga nini, kilitokea nini, kwa nini, na mara ijayo tubadilishe nini. Hapatafutwi wa kuaibishwa. Mtoto aliyepitia kikao cha namna hiyo mara nyingi hujifunza jambo ambalo watu wazima wengi hawajalipata, yaani kutamka kosa la kazi bila kuogopa na bila kulisukumia mwingine.

Hapa ndipo nyumbani panapostahili kuambiwa ukweli. Kinondo, na Kwale kwa jumla, uongozi hupewa mtoto kama beji. Kiranja hupata sweta ya rangi nyingine na ruhusa ya kupita mbele ya foleni ya chakula, kisha kazi yake kubwa inakuwa kuandika majina ya wapiga kelele na kuyapeleka kwa mwalimu wa zamu. Hakuna anayemfundisha kupanga, kugawa kazi, kusikiliza mwenye malalamiko, wala kutoa hesabu. Baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari liliundwa mwaka 2009, na kura zikaja shuleni. Lakini kura humpa mtoto cheo tu, na baada ya kura shule nyingi humwacha palepale kwenye daftari la majina. Fimbo ilipigwa marufuku mwaka 2001, na bado wapo wazazi wanaomwambia mwalimu mkuu amchape mtoto mpaka anyooke. Mtoto anayenyooshwa kwa fimbo hutulia wakati mwenye fimbo yupo. Aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo huifunga stoo hata akiwa peke yake.

Na si kwamba pwani haikujua kulea vijana kwa zamu na wajibu. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulioingizwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, ilikuwa sehemu ya utaratibu wa rika na baraza la wazee, ambapo kila umri ulikuwa na majukumu yake na aliyekua alipanda kutoka jukumu moja hadi jingine. Uskauti nao uko Kenya tangu 1910, na Baden-Powell mwenyewe amezikwa Nyeri. Hata zefe la Maulidi ni gwaride kamili: watoto wa madrasa kwa kanzu na buibui, safu zimenyooka, bendera mbele, matari yanapigwa kwa mpigo mmoja. Watoto wa Kinondo hutembea vizuri kuliko kadeti wengi wa Marekani, na hilo lisemwe kwa fahari. Ila aliyepanga zefe ni ustadh, aliyekodi maturubai ni mzee wa kamati, na aliyehesabu michango ni mzee mwingine. Msichana wa miaka 15 anayejua kasida zote kwa moyo hajawahi kuulizwa apange hata safu moja. Akabidhiwe safu hiyo, na ustadh akae pembeni amtazame. Haihitaji sare, na haihitaji pesa za jeshi lolote.

Kwa watoto wa Kiislamu walioko huko, swali la hijabu liliwahi kuleta uchungu. Mwaka 2011 msichana mmoja wa jimbo la Tennessee aliambiwa hawezi kuandamana na kikosi chake akiwa na hijabu, akajiondoa. Malalamiko yalipelekwa juu, na kabla ya mwaka huo kwisha jeshi la nchi kavu likabadili kanuni ili kadeti wa shule waweze kuvaa hijabu au kilemba cha dini pamoja na sare. Mzazi anayemzuia binti kwa sababu hiyo pekee anazuia jambo lililokwisha tatuliwa.

Yapo mengine ambayo hayajatatuliwa. Mafunzo haya yamejaa zaidi katika shule za watoto maskini na za watu weusi, na wakosoaji wanasema ni njia ya kuwazoesha jeshi mapema. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba baadhi ya shule zilikuwa zikiwaandikisha wanafunzi bila wao kuchagua, na kwamba katika miaka 5 wakufunzi wasiopungua 33 walikuwa wameshtakiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya wanafunzi. Shule nyingi zina timu za kulenga shabaha kwa bunduki za upepo, na si kila mzazi anaridhika na jambo hilo. Tarehe 14 Februari 2018, katika mauaji ya shuleni huko Parkland, Florida, pande zote mbili za mafunzo haya zilionekana siku moja. Muuaji alikuwa amewahi kuwa kadeti wa shule hiyohiyo. Miongoni mwa waliouawa walikuwa kadeti 3, mmoja wao Peter Wang wa miaka 15, aliyekufa akiwa na sare yake baada ya kuwashikia wenzake mlango ili watoke. Jeshi liliwapa wote 3 nishani ya ushujaa. Mafunzo hayamgeuzi kila aingiaye, na mzazi asiyaone kuwa tiba ya mtoto aliyemshinda nyumbani.

Mzazi wa Kwale aliyehamia Marekani, au anayempeleka mtoto kwa ndugu huko, aulize kwanza kama mtoto amelichagua somo mwenyewe au amewekwa tu, kwani ana haki ya kuomba somo jingine. Amjue mkufunzi kwa uso na kwa jina, ahudhurie sherehe zao, na amwambie mtoto waziwazi kwamba ujumbe wa siri wa usiku kutoka kwa mkufunzi ni jambo la kuripotiwa, hata aliyeutuma akiwa na nishani kifua kizima. Kabla ya Ramadhani apeleke barua mapema, ili mbio na mazoezi ya viungo yapangiwe siku nyingine, na kabla ya kambi ya likizo aulize chakula, mahali pa kuswali, na wasichana watalala wapi. Kila mwanzo wa mwaka asome karatasi zote zinazoletwa nyumbani: kwa sheria ya tangu 2002, shule zinazopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kuwapa maafisa wa usajili wa jeshi jina, anwani na simu ya mwanafunzi wakiziomba, isipokuwa pale mzazi, au mwanafunzi aliyetimiza miaka 18, alipokataa kwa maandishi. Wazazi wengi wa kwetu husaini bila kusoma kwa heshima ya shule. Waache tabia hiyo.

Anayemaliza miaka 3 ya JROTC na kisha akaamua kwa hiari kujiunga na jeshi huanza kwa cheo na mshahara wa juu kuliko kuruta wa kawaida. Anayetaka chuo kikuu anaweza kuomba ufadhili wa ROTC, ambao ni mpango tofauti: hulipia karo, lakini humfunga mwanafunzi kutumikia jeshi kwa miaka kadhaa baada ya shahada, na hutolewa kwa raia wa Marekani tu. Mtoto mwenye kibali cha ukaazi peke yake hataupata mpaka awe raia, hata awe kadeti bora wa shule nzima. Wengi wa waliobaki huondoka na cheti, mazoea ya kusema mbele za watu, na barua ya mkufunzi inayoeleza walikabidhiwa nini na walikirudishaje, ambayo huambatanishwa na maombi ya chuo au ya kazi.