Pacha Wangu na Askari wa Damu

Mimi na dada yangu tu mapacha. Mimi ni Wasswa, niliyetangulia kuzaliwa. Yeye ni Nakato. Tumekula sahani moja, na tetekuwanga ilipokuja ilitupata wiki moja. Kwa hiyo mwaka juzi alipoanza kusema viungo vinamwuma asubuhi hata jembe hawezi kulishika, mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka. Nilimwita Bibi Mvivu mbele za watu. Hata madoa yalipomtokea mashavuni na juu ya pua, mfano wa kipepeo, shangazi alisema ni sabuni tu.

Mwishowe daktari alimpima damu, akasema ni ugonjwa uitwao lupasi. Askari wa mwili humwacha adui wakaupiga mji wao wenyewe. Katika wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake. Nikamwuliza, kwa nini yeye, si mimi, nasi tumetoka tumbo moja?

Bwana Daktari alinijibu kwa uvumilivu. Katika chembe nyeupe za damu ziko ziitwazo chembe T, ambazo hukomaa katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Baadhi yake huziamrisha chembe nyingine, ziitwazo B, zitengeneze silaha. Amri moja kubwa ya kazi hiyo imeandikwa katika kromosomu X. Mimi ninayo X moja, dada anazo mbili, na kila chembe ya mwanamke huinyamazisha moja. Lakini kwa wanawake wenye lupasi, ile iliyonyamazishwa huonekana kusema tena, na chembe T hupiga baragumu kupita kiasi. Tena homoni za kiume hupoza ukali wa chembe hizo.

"Lakini usijivune, kijana," akaniambia. Ukali huo mara nyingi huwafaa wanawake. Uchunguzi wa ugonjwa wa korona uliotolewa mwaka 2020 na chuo cha Yale, Marekani, uliona kwamba chembe T za wanawake wagonjwa ziliamka kwa nguvu kuliko za wanaume. Na wanaume ambao chembe hizo zilikuwa dhaifu, hali zao zilizidi kuwa mbaya. Nilinyamaza.

Sasa dada hunywa dawa iliyo jamaa ya klorokwini, ile chungu ya malaria waliyoijua wazee wetu. Jua humdhuru, basi hulima jioni. Likizo iliyopita nilifuatana naye shambani, nikamwomba radhi. Hakujibu neno. Alinionyesha kwamba mstari wangu wa maharagwe umepinda, akaniambia niurudie.