Debe Tupu Haliachi Kuvuma

Vijana wengi wa siku hizi tumelelewa na sauti kubwa. Ukishuka stendi ya Mpanda asubuhi, kabla hujanywa hata chai, umeshapokewa na sabufa za maduka matatu, kila moja ikitaka kuinyamazisha jirani yake. Hapo ndipo mtu anapojenga imani kwamba spika nzuri ni ile inayotikisa bati. Mimi nasema sivyo, ndugu msomaji, na nitakueleza kwa nini, maana jambo hili nimelitafuta kwa hela ya mawazo.

Nilikuwa na shilingi 45,000, ujira wa kupakia magunia ya mpunga. Na ndani ya simu yangu nilikuwa na dakika 38 za sauti ya marehemu babu. Mzee wetu, Mkonongo wa Inyonga, alinisimulia walivyokuwa wakiingia porini kurina asali, na alivyoishangaa reli ya kutoka Kaliua, ile iliyojengwa zama za Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Katika masimulizi hayo nataka kuandika riwaya. Tatizo ni kwamba nusu ya maneno ni Kikonongo cha zamani nisichokijua. Anayekijua nyumbani ni bibi peke yake, na masikio yake yamechoka. Sauti ya simu haipati hata ukimwekea shavuni. Akiondoka na yeye, riwaya yangu imekwenda na maji.

Basi nikaanza kuchunguza hizi spika ndogo za Bluetooth. Kumbe kuna mengi.

La kwanza ni wati. Boksi limeandikwa wati 40 kwa herufi nyekundu, na pembeni PMPO. Hicho ni kipimo cha kilele cha kufumba na kufumbua, na kila kiwanda hukikokotoa kinavyopenda. Cha kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo spika inaimudu mfululizo. Piga hesabu mwenyewe: betri ya mAh 1,200 yenye volti 3.7 inaweza kutoa kama wati 4 na nusu kwa saa moja. Kama kweli spika hiyo ingetoa wati 40, ingezima kabla ya dakika 7! Tena, ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu lazima izidishwe karibu mara 10. Kwa hiyo kugombania wati 5 au 8 ni kujichosha bure.

La pili ni kujua unataka kusikia nini. Ngoma nzito hukaa chini ya mizunguko 100 kwa sekunde. Lakini maneno tunayatambua kwa herufi kama s, f, sh na t, ambazo nguvu yake iko juu, kuanzia kama mizunguko 2,000. Simu za mezani za zamani zilipitisha kati ya 300 na 3,400 tu, na watu walichumbiana na kusutana kwa simu hizo miaka nenda rudi. Spika iliyojazwa besi humeza herufi hizo, ukabaki na mtu anayeguna kama yuko ndani ya pipa.

Nikaenda madukani na simu yangu. Muuzaji mmoja akafungulia muziki mpaka kioo cha kabati kikalia.

"Mdogo wangu, hii bomba! Sikia besi hiyo!"

"Nasikia, kaka. Naomba sasa niweke ya kwangu."

Nikamweka babu. Katika spika ya kwanza mzee alikuwa anavuma tu. Ya pili ilikuwa safi, ila nilipopandisha sauti hadi robo tatu, ganda lake likaanza kutetemeka. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya kawaida, haina taa za disko. Nikaiweka kaunta, nikarudi nyuma hatua 10, nikasikia kila neno. Muuzaji akazima muziki wake.

"Mzee gani huyo?"

"Babu yangu. Ameshafariki."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema 35,000. Kabla ya kulipa niliichomeka chaja huku inaongea, nisikie kama ina mkoromo, nikatikisa tundu la chaja kuona kama limelegea. Hela iliyobaki nikanunua daftari kubwa.

Jioni nikaiweka kwenye kona ya ukuta, maana kona huongezea sauti uzito bila gharama. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilidhani atalia. Ghafla akainua mkono:

"Simamisha hapo! Anadanganya. Mzinga ule alirina kaka yangu. Yeye alishika kienge tu."

Tangu siku hiyo tumefika dakika ya 14. Bibi hutafsiri, hubisha, huongeza yake, na daftari limekwisha nusu. Riwaya niliyoifikiria ilikuwa na shujaa mmoja; sasa ina watu wawili wanaogombea ukweli, na mmoja wao hawezi tena kujibu.

Wenzangu mnaochipukia katika uandishi, wengi tumechacha, na matangazo ni mengi. Nenda dukani na sauti unayoijua vizuri, uijaribu spika kwa hiyo. Na kama nyumbani kuna mzee, mrekodi kwanza. Spika zipo kila duka.