Nyepesi na Pana

Binamu yangu anaishi Utah, Marekani, na msimu uliopita wa baridi alinunua skii. Hiyo sentensi moja ilitosha kuvuruga grupu ya WhatsApp ya familia yetu kwa wiki mbili nzima.

Muelewe kwanza tunatoka wapi. Kwetu Nyamira, kitu kinachokaribia theluji ni mvua ya mawe. Inakuja alasiri, inapiga majani chai hadi vinabaki vijiti, na kwa muda mfupi shamba lote linageuka jeupe. Watoto wanaokota na kutia mdomoni. Wazee wanasimama mlangoni wakihesabu hasara, maana chai ikishapigwa hivyo inabidi ungoje ichipuke upya, na bonasi haingoji. Weupe kwetu ni habari mbaya. Halafu ghafla huyu hapa mtoto wetu kwenye simu, amesimama kwenye mlima mweupe pepepe, amevaa miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea, anacheka.

"Kwa hivyo pesa ziko," mjomba mmoja akaandika. Hakuweka hata alama ya kuuliza.

Mimi ndiye ninayeweka hesabu za familia, kwa hivyo najua zaidi ya wanaoandika. Kwa miaka mitatu, katika kila shilingi kumi zilizopita mikononi mwangu, saba zilitoka kwa huyo kijana. Karo ya wadogo zetu wawili. Dawa za presha za magokoro. Mabati ya jikoni. Mchango wa kila mazishi kuanzia Keroka hadi Suneka. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee usiku, analala mchana, na kuna kipindi mwaka juzi aliacha kushika simu kabisa. Pesa zilikuja, yeye hakuja. Hakuna aliyeuliza. Nani ataanza kuuliza wakati M-Pesa inaingia?

Mwenzake wa kazini ndiye aliyemtoa kwenye nyumba na kumpeleka mlimani.

Nilipompigia, nilitarajia tuzungumze bei. Yeye akaanza kunieleza skii. Kumbe hazifanani. Kuna zile nyembamba za kukimbilia kwenye njia iliyotayarishwa. Hizo ndizo alizovaa Philip Boit, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Boit alikuwa mwanariadha wa kawaida, wakampeleka kujifunza Finland, na kwenye kilomita 10 akamaliza wa 92, wa mwisho. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, alikaa pale kwenye baridi takriban dakika 20 amngoje amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2002 alirudi kushindana tena, safari hii huko huko Utah anakoishi binamu yangu.

Lakini skii kama zile za Boit ukiingia nazo kwenye theluji mpya iliyolala bila kukanyagwa, unazama. Hiyo theluji wanaiita unga, na ni unga kweli: ukiupuliza unaruka. Mtu akiingia na viatu tu anazama hadi mapajani. Ndiyo maana kuna skii pana, sentimita 10 au 11 chini ya mguu. Nilipiga hesabu kwenye karatasi. Viatu viwili vya mtu mzima vinagusa chini kama sentimita 600 za mraba. Skii mbili pana, zenye urefu wa sentimita 180, zinagusa karibu 4,000. Kilo ni zile zile, mtu ni yule yule, ila uzito umetandazwa mara sita na zaidi. Kwa hivyo anaelea.

Kama hii inaonekana ni sayansi ya wazungu, muulize mtu yeyote wa bodaboda anayepanda Kebirigo wakati wa mvua. Matope yakizidi anapunguza upepo kwenye gurudumu la nyuma. Tairi linalala, linapanuka, linaacha kuchimba. Hakupunguza mzigo hata gramu moja. Aliupa tu mahali pengi zaidi pa kukaa.

Sasa shida ya pili: hakuna lifti. Kuna milima yenye mashine ya kukubeba juu, unalipa, unaketi, unateremka. Wao huenda upande wa pili, kusiko na mashine, na wanapanda kwa miguu. Kisigino kinafunguliwa ili uweze kutembea, na chini ya skii unabandika utepe wanaouita ngozi, kwa sababu zamani ilikuwa ngozi ya sili. Siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi. Pitisha mkono kwenye mgongo wa ng'ombe kutoka kichwani kwenda mkiani, ni laini. Rudisha mkono, manyoya yanakataa. Ndivyo ngozi inavyofanya kazi: ukisukuma mguu mbele inateleza, ukianza kurudi nyuma inang'ang'ania. Unapanda saa tatu hivi. Unabandua ngozi, unafunga kisigino, unateremka dakika chache.

Kwa sababu unazibeba kwa kila hatua, skii hizo lazima ziwe nyepesi. Ndani wanaweka mbao nyepesi kama paulonia, nje nyuzi za kaboni, hadi skii moja inakaribia kilo moja na nusu. Wepesi nao una gharama yake. Kwenye barafu ngumu skii nyepesi inatetemeka, ile nzito inatulia. Hakuna inayofaa kila mahali. Unachagua kulingana na mlima unaoupanda.

"Na huendi peke yako," aliniambia. Kila mtu anavaa kifaa kinachotuma mawimbi, anabeba koleo na ufito mrefu wa kutafutia. Mlima ukiporomoka ukufunike, unazo dakika chache tu, na wa kukuchimba ni yule uliyepanda naye. Msaada wa mjini hautafika kwa wakati.

Hapo nilinyamaza kidogo. Huyu mtu ametubeba miaka mitatu na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na koleo.

Niliyaandika haya kwenye grupu, bila kupamba. Kwamba skii alizinunua kwa mtu aliyezitumia misimu miwili. Kwamba mwezi huo alituma pesa kama kawaida. Mjomba alijibu kwamba kupanda mlima ili uteremke bila kubeba kitu ni ukichaa. Nilimwelewa. Kwetu mlima haujawahi kuwa mchezo. Watu wanaopanda pale Manga wanapanda na ndizi, na kuni, na mtoto mgongoni. Mlima bila mzigo unaonekana kama utoro.

Magokoro alisomewa ujumbe wote kwa Ekegusii, akauliza swali moja: anapanda kwa miguu yake mwenyewe? Akaambiwa ndiyo. Akasema basi huyo si mvivu, mwacheni.

Tunapenda kusema mtoto aliye ng'ambo ni mguu wa familia. Sawa, lakini tulikuwa tumeuweka uzito wote kwenye mguu mmoja mwembamba kisha tukashangaa ukididimia. Harambee, kabla ya kuwa kadi za mialiko na wanasiasa kwenye hema, ilikuwa ni kutandaza. Wengi, kidogo kidogo, ili asiwepo anayezama.

Kwa hivyo nilitengeneza jedwali. Tuko binamu 14 wenye kipato, wengine wa chai, wengine wa duka, mmoja ana bodaboda. Kila mtu 1,500 kwa mwezi, na yeye wa Utah 1,500 kama wengine, isipokuwa karo, ambayo yeye mwenyewe aliomba aendelee nayo. Dawa za magokoro zinatoka kwenye kapu la wote. Nikaongeza safu moja ambayo watu waliicheka: nani anampigia simu wiki hii. Simu ya kumuuliza amelalaje, na kuomba pesa ni marufuku.

Mwezi wa kwanza walilipa 9. Wa pili, 11. Mjomba hayumo kwenye jedwali, lakini alinitumia 2,000 usiku mmoja bila maelezo, na wiki iliyofuata akaomba zamu ya simu. Walizungumza dakika arobaini. Sijui walisema nini.

Watatu hamjatuma ya mwezi huu. Mnajijua.