Waliotutangulia Kufukuzwa

Nilifika Ohio, Marekani, nikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mjane mwenye watoto, na kwa muda mrefu nilikuwa nasukuma siku tu. Kazi ya usiku ghalani, theluji, watoto wananijibu Kiingereza nikiwasemesha Kibembe, lugha yetu. Niliomba, na Mungu alinisikia. Lakini nashuhudia na hili: alinivusha pia kwa habari za Washawnee, wenyeji wa asili waliofukuzwa Ohio.

Kaskazini ya Dayton, tunakoishi, uko mji wa Wapakoneta. Mzee wa Washawnee wa hapo, Black Hoof, aliamini kwamba wakilima na kukaa kwa amani na serikali wataachiwa ardhi. Hakumfuata hata Mshawnee mwenzake Tecumseh, aliyeyaunganisha makabila kupigana na akauawa vitani mwaka 1813. Wakalima, wakatulia. Mwaka 1831 wakalazimishwa kutia sahihi mkataba wa kuiacha ardhi hiyo hiyo, na mwaka uliofuata wakahamishwa hadi Kansas. Niliposoma hayo maktabani nililia. Na sisi kule Fizi, Kongo, tulikuwa watu wa jembe, hatuna ugomvi na mtu, tukafukuzwa vilevile.

Kilichoniinua ni yaliyofuata. Huko Kansas, mwaka 1835, wamisionari walianza kuchapa gazeti kwa Kishawnee kitupu, kwa watu waliokuwa wametua mizigo juzijuzi tu! Wakaondolewa tena, wakaishia Oklahoma. Kundi moja liliingizwa chini ya Wacherokee mwaka 1869, na serikali haikulirudishia hadhi ya taifa la peke yake hadi mwaka 2000. Hata hivyo ngoma yao ya mkate haikufa: wanaume huwinda, wanawake huoka, kisha hubadilishana nyama kwa mkate na kucheza.

Leo wana mataifa matatu huko Oklahoma. Wanaoijua lugha vizuri wamebaki wachache mno, hata mwaka 2020 taifa mojawapo likaitangazia hali ya dharura. Watu wazima, wenye wajukuu, wanakaa darasani kujifunza maneno ya bibi zao.

Basi nikasema, mimi ambaye Kibembe kimejaa kinywani nangoja nini? Jumamosi nikishatoka zamu napika bugali na sombe, majani ya muhogo, na sharti la mezani ni moja: anayetaka kuongezewa aombe kwa Kibembe. Walinuna mwanzoni. Mkubwa siku hizi anamtumia ujumbe shangazi yake aliyebaki nyumbani, mji wa Baraka, na shangazi humsahihisha bila huruma.