Ua lililokataa chavua

Nimekuwa kimya mno, nisameheni. Mama ndiye aliyelalamika zaidi, eti mwezi wa nne nilikuwa napiga simu dakika mbili tu nakata. Leo natoa sababu.

Mnajua nafanya kazi Uholanzi, kwenye nyumba za vioo za kampuni ya mbegu za nyanya. Kazi yangu ni kuozesha maua (ndoa jamani, si kuoza!). Nafungua ua changa kwa kibano, naondoa sehemu za kiume kabla hazijamwaga chavua, kesho yake napaka chavua ya mmea mwingine na kufunga kikaratasi. Ua likikubali, kitunda kinavimba. Likikataa, linanyauka na kudondoka.

Basi nikapewa karatasi ya kazi: mama awe nyanya pori ya milima ya Andes, baba awe nyanya ya kawaida. Nikapaka maua zaidi ya mia tatu. Yote chini! Msimamizi akasema nina mkono mbaya, na mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Mnakumbuka marehemu bibi alivyosema kuna mikono ya kupanda na mikono ya kuua? Usiku nilikaa naitazama mikono yangu, nikaanza kuamini. Ningemwambia nini mama kwenye simu?

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa maabara. Aliyaweka maua yangu chini ya darubini. Chavua ilikuwepo, imenata vizuri, tena imeota. Kila punje huotesha mrija mwembamba unaoteremka ndani ya ua kuyafuata mayai. Mirija yangu ilishuka kidogo, ikakwama yote njiani.

Akanieleza hivi. Nyanya pori nyingi hukataa chavua yao wenyewe. Ndani ya ua mna protini ambayo ni sumu kwa mrija wa chavua. Chavua ya nyanya pori jirani huwa na kinga ya sumu hiyo, hupita. Nyanya yetu ya sokoni imepoteza sehemu ya kinga. Mwaka 2010 watafiti wa California walionyesha kuwa jeni moja la kinga hiyo, Cul1, limeharibika kwenye nyanya ya kulimwa. Lakini ua lake nalo limepoteza sumu, kwa hiyo chavua ya pori inaingia bila kizuizi. Yaani mlango wa upande mmoja! Tabia hii wataalamu wameiandika kwa miaka mingi.

Kumbe karatasi ilikuwa imeandikwa kinyume. Tukageuza, nyanya ya kawaida ikawa mama. Haikupita wiki mbili vitunda vikaonekana. Msimamizi hakusema hata pole, ila mkataba alisaini.

Na baba mdogo asidhani huku tunacheza na maua. Ule ugonjwa wa majani kujikunja na kuwa manjano, unaoenezwa na inzi weupe, ndio uliomaliza nyanya zake. Mojawapo ya jeni za kuukinga, Ty-2, ilitoka kwa nyanya pori iitwayo Solanum habrochaites, hiyohiyo niliyokuwa naibembeleza.

Mama, mkono wangu ni mzima. Jumapili nitapiga, na sitakata haraka.

Wasalaam.