Kadogo

Katika kazi ya mofolojia, tuliombwa kukusanya maneno ya udogo katika Kiswahili cha nyumbani kwetu. Mimi ni mtoto wa Kisangani, na kwetu kiambishi ka- hakijafa: nyumba ndogo ni kanyumba, zikiwa nyingi ni tunyumba. Niliandika mifano thelathini. Wa kwanza ulikuwa kadogo. Jioni nilimsomea mama orodha yangu. Aliposikia neno hilo aliacha kutwanga sombe. «Hilo ulifute», akasema.

Sababu niliijua. Mjomba wangu, mdogo wake mama wa mwisho, aliondoka Machi 1997, majeshi ya AFDL yalipoingia mjini. Alikuwa na miaka 13. Juma moja alikuwa akicheza vita kwa bunduki ya kikonyo cha jani la mgomba. Juma lililofuata alibeba bunduki ya kweli. Askari wa umri wake waliitwa kadogo. Hakurudi.

Mimi nilizaliwa mwaka wa 2000, mwaka ambao majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku 6 mjini mwetu, mwezi wa Juni. Utotoni mwangu mvua ilikuwa bado ikifukua maganda ya risasi. Tuliyapuliza kama filimbi, na mwenye ganda refu ndiye aliyekuwa kamanda. Siku mama alipoiona filimbi yangu hakunipiga. Aliitupa chooni, akaketi mlangoni mpaka usiku.

Nilikumbuka filimbi hiyo mwaka jana, nilipoona picha za kazi za Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa aliyezaliwa mwaka wa 1967. Yeye huchomelea maganda ya risasi yaliyookotwa mahali pa vita, na mara nyingi huyafanya kuwa miili ya wanawake, wengine wajawazito. Kwa mbali unaona ngozi. Ukikaribia unaona matundu, na kila tundu ni risasi iliyokwisha kwenda mahali fulani. Sisi watoto na yeye tuliokota kitu kilekile. Lakini sisi tulikitumia kupata ukamanda. Yeye amekirudisha kwa mama.

Nikajiuliza kama neno nalo laweza kurudishwa. Nilitazama tena mifano yangu, nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Wingi wa askari wale si tudogo. Watu husema bakadogo, kwa ba- ya watu, kama wasemavyo kwa watu wazima. Neno la kubembeleza mtoto lilivishwa sare, na sarufi ikawapandisha cheo hata kabla sauti zao hazijawa nzito.

Nilimweleza mama hayo badala ya kulifuta neno. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kunieleza: kabla ya vita, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwita kaka yake hivyo, alipombeba mgongoni kwenda mtoni. «Kadogo kangu, nilimwita. Andika na hilo.»

Kwa hiyo kazi niliyompa mwalimu ina vidahizo viwili. Kadogo la pili ni askari mtoto. Wingi wake ni bakadogo. Kadogo la kwanza ni mtoto mpendwa, na hufuatwa na kangu.