Tunanunua Mchezo, au Tunakodi Ruhusa?

Wazazi wenzetu, mtoto anapoomba mashine ya gemu, sisi huuliza bei ya mashine. Ni nadra kuuliza itahitaji michezo mingapi. Hesabu za Sony zina jibu: PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya mashine milioni 155, na michezo yake ikapita nakala bilioni 1.5. Ukigawanya, kila mashine ilifuatwa na michezo kama 10. Mashine, basi, ni mlango tu; gharama zimo ndani.

Huku kwetu Heru Juu hesabu hiyo ilikaa kwa namna nyingine. Vijana wetu wengi hawana mashine. Huenda Kasulu mjini, wakaketi katika banda la gemu, wakalipa sarafu chache na kupokezana pedi. Mchezo mmoja wa mpira huwatosha mwaka mzima. Mwenye mashine humwazima jirani diski, na akiichoka huiuza. Diski moja huzunguka kama sufuria kubwa la mtaa linalofuata kila penye shughuli. Tusifiche pia kwamba diski nyingi kati ya hizo ni za kunakili, na jasho la aliyetunga mchezo halikulipwa.

Sasa mambo yanageuka. Novemba 2020 Sony ilitoa PlayStation 5 kwa sura mbili, moja haina kabisa mahali pa kutia diski. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021, takriban michezo 65 katika kila 100 iliyouzwa kwa PlayStation 4 na 5 ilipakuliwa kwa intaneti. Kupakua kuna wepesi wake: hakuna safari, wala diski ya kukwaruzika. Lakini bando la kupakulia nalo hutoka mfukoni mwa mzazi.

Lililo zito zaidi ni umiliki. Tuliosoma fiqhi ya biashara tulifundishwa kutenga kuuza na kukodisha. Aliyeuziwa kitu hukitumia, hukitoa zawadi, hukiuza, hukirithisha. Aliyekodi hupata manufaa tu, kwa masharti ya mwenye mali. Mchezo wa kupakua mara nyingi una bei ya kuuzwa na masharti ya kukodi. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo wa magari uitwao The Crew. Waliolipa hawakuweza kuucheza tena, hata wenye diski, kwani nao waliitegemea mitambo hiyo. Jimbo la California, Marekani, lina sheria inayotumika tangu 2025: muuzaji wa bidhaa za namna hii asitumie neno “nunua” bila kumweleza mteja kuwa anachopata ni ruhusa ya kutumia.

Hatusemi watoto wanyimwe. Tunasema mapatano yajulikane kabla fedha haijatoka: Mchezo huu utaazimika? Utauzika? Mdogo wake ataurithi? Fedha ya maharage hupatikana kwa jembe na jua; aliyeitoa ana haki ya kujua imenunua nini.